Leseni ya Kukimbiza Sungura: Historia ya Kibali Kimoja cha Serikali

Kila mwaka, kabla majani ya miti ya Ulaya hayajaanza kupukutika, ofisi moja ya serikali ya Ayalandi hupokea ombi la namna ya pekee. Waombaji wanataka ruhusa ya kuingia mashambani na nyavu, kuwakamata sungura wa porini wakiwa hai, kuwafungia ndani ya uzio kwa majuma kadhaa, kisha kuwaachia mmoja mmoja uwanjani wakimbizwe na mbwa wawili mbele ya watazamaji. Sungura hao, kwa sheria ya nchi hiyohiyo, ni wanyama wanaolindwa. Ofisi inayopokea ombi ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kuwalinda. Mwaka baada ya mwaka, ofisi hiyo hulisoma ombi, huongeza au kurekebisha masharti, na hutia saini.

Nimekuwa nikiifuatilia historia ya leseni hii kwa muda sasa, na baadhi ya wenzangu kitivoni wameniuliza, kwa kejeli ya kirafiki, iwapo nimeishiwa mambo ya kusoma. Jibu langu ni kwamba nafundisha juu ya dola na sheria, na sijapata mfano unaoeleza vizuri zaidi kuliko huu kile ambacho kibali hufanya. Tumezoea kudhani kwamba kibali ni mlango tu: serikali inaufungua au inaufunga. Historia ya sungura wa Ayalandi inaonyesha kwamba kibali ni chombo chenye kazi nyingi zaidi ya hizo, na kwamba kazi hizo hubadilika karne hadi karne huku karatasi ikibaki ileile.

Kwanza nimweleze msomaji mchezo wenyewe. Wanaokimbiza ni mbwa wa mbio, wale wembamba wenye kifua kipana, tumbo lililobonyea na miguu mirefu, ambao humwinda mnyama kwa macho na si kwa pua. Sungura hupewa nafasi ya kutangulia. Kisha mtu maalumu aliyewashika mbwa wawili kwa kamba moja huwafungulia kwa wakati mmoja. Mbwa mmoja huvaa ukosi mwekundu, mwingine mweupe. Kwa utaratibu wa Ayalandi, mashindano hufanyika ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, na mwisho wa uwanja ipo njia ya kutokea ambayo sungura anaweza kupita lakini mbwa hawezi. Mwamuzi aliyepanda farasi humtazama mbwa wa kwanza kumfikia sungura na kumlazimisha ageuke, kisha huinua kitambaa cha rangi ya mshindi. Kuua si shabaha ya mashindano, na jambo hili limesemwa tangu kale: Arrian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2 aliyeandika juu ya mbwa wa Waselti, alishikilia kwamba mwindaji wa kweli hufurahia mbio, na hata sungura akiponyoka hana kinyongo. Watetezi wa mchezo hupenda kumtaja Arrian. Kwa sungura mwenyewe, bila shaka, tofauti kati ya kukimbizwa kwa sababu ya nyama na kukimbizwa kwa sababu ya pointi si rahisi kuiona.

Neno letu "sungura" linaweza kutupotosha hapa. Sisi humwita kwa jina hilo yule wa kufugwa kwenye vibanda na yule wa porini mwenye masikio marefu, ambaye ndiye shujaa wa hekaya zetu, mdogo anayemzidi fisi na simba kwa akili. Sungura ninayemzungumzia ni huyu wa pili. Yule wa Ayalandi ni jamii ndogo ya sungura wa milimani isiyopatikana kwa asili mahali pengine popote duniani. Alikuwako kisiwani kabla ya wakulima, kabla ya wafalme, na kabla ya huo mpaka unaokigawa kisiwa leo, ambao nitaurudia baadaye.

Sasa tuanze na chimbuko, nalo liko Uingereza. Mwaka 1390, wakati wa Mfalme Richard wa Pili, Bunge lilipitisha sheria iliyomkataza fundi, kibarua na mlei yeyote asiye na ardhi yenye kipato cha shilingi 40 kwa mwaka kumiliki mbwa wa mbio au kuwinda. Padri mwenye kipato cha chini ya pauni 10 naye alikatazwa. Sababu iliyotolewa ndani ya sheria yenyewe inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa siasa: ilidaiwa kwamba watu hao, siku za sikukuu, wakati Wakristo wema wako kanisani, huenda kuwinda, na kwa kisingizio cha uwindaji hukutana na kula njama za kuwaasi watawala. Ilikuwa imepita miaka 9 tu tangu wakulima waasi walipoingia London mwaka 1381. Sungura hakuwa na habari. Kilichoogopwa ni mkusanyiko wa watu wa chini wakiwa na mbwa, fimbo na nafasi ya kuzungumza. Sisi ambao tumeishi na mjadala wa nani anahitaji kibali ili akutane na nani uwanjani hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Sheria ya Wanyama wa Kuwinda ya mwaka 1671 iliipandisha ngazi hiyo juu zaidi. Aliyeruhusiwa kuwinda alikuwa mwenye ardhi ya kipato cha pauni 100 kwa mwaka, au ya kukodi kwa muda mrefu yenye thamani ya pauni 150. Wengine wote hawakuruhusiwa hata kuwa na bunduki, nyavu au mbwa wa mbio nyumbani, na walinzi wa mabwana walipewa mamlaka ya kupekua nyumba na kuvichukua. Angalia vizuri: hapakuwa na leseni hapo. Palikuwa na daraja la watu. Mkulima mdogo aliyeona sungura akila kabichi zake hakuweza kumgusa, ingawa kabichi zilikuwa zake na shamba alililipia kodi.

Leseni kama tunavyoijua iliingia kwa mlango wa hazina. Mwaka 1784 serikali ya Uingereza, ikiwa na madeni baada ya kuyapoteza makoloni ya Marekani, ilianzisha cheti cha uwindaji chenye kulipiwa. Mwenye sifa za ardhi sasa alilazimika pia kuwa na karatasi. Mwaka 1831 sharti la ardhi likafutwa, ikabaki karatasi peke yake: yeyote mwenye fedha ya cheti na ruhusa ya mwenye shamba aliweza kuwinda. Wanahistoria wengi huyaita haya mageuzi, na kweli yalikuwa mageuzi. Hata hivyo sheria ya leseni za uwindaji ya mwaka 1860 ilipoorodhesha wasiohitaji cheti, miongoni mwao walikuwamo wale wanaowakimbiza na kuwaua sungura kwa mbwa wa mbio. Mtu aliyepiga sungura kwa bunduki alihitaji leseni. Bwana aliyemkimbiza kwa mbwa hakuihitaji.

Kwa nini? Kwa sababu kufikia wakati huo mchezo ulikuwa umeshakuwa taasisi ya watu wazito. Lord Orford alianzisha chama cha kwanza huko Swaffham mwaka 1776. Mwaka 1836 mwenye hoteli ya Waterloo mjini Liverpool, William Lynn, alianzisha kombe lililopewa jina la hoteli yake, likawa likishindaniwa katika mashamba ya Altcar. Umati ulifurika, wacheza kamari wakafuata umati, na magazeti yakawafuata wote wawili. Mwaka 1858 kikaundwa chama cha taifa cha kusimamia kanuni. Mbwa maarufu kuliko wote, Master M'Grath, alitoka Ayalandi, mali ya Lord Lurgan. Alilitwaa kombe mwaka 1868, 1869 na 1871, na akapelekwa kuonyeshwa kwa Malkia Victoria. Sijui ni viumbe wangapi wa Ayalandi wa karne ile, wa miguu miwili au minne, waliopata heshima ya kuitwa kasri kwa wema.

Linganisha na michezo ya akina yahe. Mwaka 1835 Bunge hilohilo lilipiga marufuku kuwapiganisha majogoo na kumfunga fahali ili ashambuliwe na mbwa. Miaka 13 kabla, Richard Martin, mbunge wa Galway, alikuwa amefanikisha sheria ya kwanza ya kuwalinda ng'ombe na farasi dhidi ya ukatili. Huruma kwa wanyama ilikuwa inakua, na sidhani ni haki kuidharau. Lakini ilikua ikiwa imefumba jicho moja. Mchezo wa uani nyuma ya kilabu cha pombe ulikuwa ukatili. Mchezo wa shambani kwa bwana ulikuwa burudani. Sheria kubwa ya kuwalinda wanyama ya mwaka 1911 iliandika kutokulingana huko waziwazi: masharti yake dhidi ya ukatili hayakuhusu ukimbizaji wa mnyama aliyekamatwa, isipokuwa pale mnyama huyo alipoachiwa akiwa amejeruhiwa, amekatwa kiungo au amechoka kupita kiasi.

Ayalandi wakati huo ilikuwa sehemu ya dola ya Uingereza. Ilipojipatia serikali yake mwaka 1922, ilirithi sheria hiyo ya 1911 na kuendelea kuitumia, pamoja na marekebisho, hadi mwaka 2013. Miaka zaidi ya 90! Tusiwacheke, ni nani kati yetu asiyejua umri wa Kanuni yetu ya Adhabu?

Taifa jipya lilimpenda sungura kwa namna yake. Sarafu zake za kwanza, zilizotoka mwaka 1928 baada ya kuchaguliwa na kamati iliyoongozwa na mshairi W. B. Yeats, hazikuwa na sura za wafalme wala za mashujaa wa vita. Zilikuwa na wanyama wa nchi: nguruwe na wanawe, kuku na vifaranga, farasi, fahali, samaki. Sarafu ya peni tatu ilikuwa na sungura, na ile ya peni sita ilikuwa na mbwa mkubwa wa kuwindia mbwamwitu. Sungura na mbwa walikaa mfuko mmoja. Huko mashambani Chama cha Ukimbizaji cha Ayalandi, kilichoundwa mwaka 1916, kilikuwa kimeshatandaza vilabu vyake katika miji midogo, na mkutano wake wa taifa uliofanyika Clonmel kila Februari ukawa sehemu ya kalenda ya vijijini kama minada na sikukuu. Mchezo ambao Uingereza ulikuwa na harufu ya mabwana, Ayalandi ulikuja kuwa wa wakulima, walimu, wenye maduka na mapadri. Hili ni jambo ambalo wapinzani wake wa mijini mara nyingi hawalielewi, na ndiyo sababu wanashangaa kila wanaposhindwa bungeni.

Hapa ndipo tunafika kwenye leseni yenyewe, na kwenye kile ninachokiona kuwa kiini cha habari hii. Dola ya Ayalandi ilimgawa mbwa na sungura, ikawaweka katika wizara mbili tofauti.

Mbwa alipatiwa sheria mwaka 1958. Sheria ya Sekta ya Mbwa wa Mbio iliunda bodi ya serikali, Bord na gCon, kusimamia mbio za viwanjani, na ikakitambua rasmi Chama cha Ukimbizaji kuwa msimamizi wa mashindano ya kukimbiza sungura na mtunzaji wa daftari la nasaba za mbwa, kikiwa chini ya uangalizi wa jumla wa bodi hiyo. Kwa maneno mengine, chama cha wachezaji kilipewa hadhi ya kisheria. Mbwa akawa suala la kilimo: ufugaji, mauzo ya nje, ajira, kodi.

Sungura alipatiwa sheria mwaka 1976. Sheria ya Wanyamapori ilimtangaza kuwa mnyama anayelindwa. Kumkamata bila idhini likawa kosa. Sheria hiyohiyo ikamruhusu waziri kutoa leseni ya kumkamata kwa ajili ya mashindano. Leo kazi hiyo hufanywa na idara ya hifadhi na wanyamapori, ambayo kwa miaka mingi imehamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine, mara utamaduni, mara mazingira, mara nyumba na urithi, kama mgeni ambaye hakuna chumba kilichoandaliwa kwa ajili yake. Leseni hutolewa kwa Chama cha Ukimbizaji kwa niaba ya vilabu vyake zaidi ya 70. Baadaye Ulaya nayo iliongeza tabaka lake: maelekezo ya Umoja wa Ulaya juu ya makazi ya viumbe yanamweka sungura wa milimani katika kundi la wanyama wanaoweza kuchukuliwa porini iwapo tu idadi yao haitadhurika.

Msomaji makini ataona kilichopotea katikati. Wizara moja inauliza: mbwa amesajiliwa? Nyingine inauliza: idadi ya sungura itapungua? Swali la tatu, lile ambalo mtoto wa darasa la 3 angeliuliza kwanza, yaani ni halali kumtia mnyama hofu ya kifo ili sisi tufurahi, halina dawati. Halikukataliwa na mtu. Halikupangiwa ofisi tu. Sheria ya afya na ustawi wa wanyama ya mwaka 2013, iliyochukua nafasi ya ile ya 1911, ilikuwa nafasi ya kulipangia ofisi. Lakini nayo iliuacha ukimbizaji halali nje ya makosa yake, kwa masharti.

Nisionekane kwamba naidharau leseni. Masharti yake yamebeba mabadiliko ya kweli. Daktari wa mifugo sharti awepo uwanjani. Sungura hawezi kukimbizwa zaidi ya mara moja kwa siku. Mgonjwa na dhaifu haruhusiwi kuachiwa mbele ya mbwa. Walionusurika hurudishwa porini, na vilabu huandika taarifa za waliokamatwa, waliojeruhiwa, waliokufa na waliorudishwa. Sharti lililobadilisha mchezo kuliko yote ni kifunga mdomo cha mbwa. Mwaka 1993 mbunge wa Dublin, Tony Gregory, alipeleka muswada binafsi wa kupiga marufuku mashindano hayo. Ulishindwa. Lakini mjadala uliouzunguka ulikuwa mkali kiasi kwamba tangu msimu uliofuata mbwa wote walilazimika kufungwa mdomo. Watafiti waliolinganisha kumbukumbu za kabla na baada walikuta vifo vya sungura uwanjani vimepungua sana, ingawa havikwisha: mbwa mwenye mdomo uliofungwa bado ana uzito na mwendo wa kumgonga sungura na kumbana ardhini. Gregory alishindwa kura, lakini alishinda kitu. Wanasiasa wa upinzani wanaodhani kwamba muswada ulioanguka ni kazi bure wangefaa kuisoma habari yake.

Je, nani anayatazama masharti hayo yakitekelezwa? Askari wa wanyamapori na maofisa wa kilimo huhudhuria baadhi ya mikutano, baadhi tu. Mingineyo hujulikana kwa taarifa zinazoandikwa na vilabu vyenyewe. Waswahili tunao msemo juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere, na wapinzani wa mchezo wangeufurahia sana. Mimi nadhani hali ni ya kutatanisha zaidi. Watu wa vilabu wana sababu ya kumtunza sungura, kwa kuwa bila yeye hawana msimu; huwalinda katika maeneo yao dhidi ya majangili na huzuia wengine kuwapiga risasi. Hoja hiyo si porojo. Tatizo la usimamizi wa namna hii si kwamba kila taarifa ni ya uongo. Ni kwamba ile ya kweli na ile ya uongo huonekana sawa zikishafika kwenye jalada. Kilichoyafungua majalada hayo si ukaguzi wa serikali bali sheria ya uhuru wa kupata taarifa ya mwaka 1997. Kundi liitwalo Irish Council Against Blood Sports lilijifunza kuomba taarifa za maofisa waliohudhuria, kuzisoma moja moja na kuzichapisha: sungura aliyegongwa hapa, aliyevunjika mguu pale, aliyelazimika kuuawa na daktari. Wabunge nao wakaanza kumuuliza waziri maswali kwa kunukuu karatasi za wizara yake mwenyewe. Kwa hiyo leseni, iliyoonekana kama pazia, ilizaa ushahidi dhidi ya kile ilichokiruhusu. Mchezo usio na leseni haungeacha kumbukumbu yoyote.

Nchi jirani zilichagua njia nyingine. Huko Uingereza, serikali ya Harold Wilson ilijaribu kuupiga marufuku mchezo huo katikati ya miaka ya 1970. Bunge la Makabwela likapitisha, Bunge la Malodi likakwamisha. Uskoti ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2002. Kwa upande wa Uingereza na Wales, Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004 ilianza kazi tarehe 18 Februari 2005, siku chache tu baada ya Kombe la Waterloo kushindaniwa kwa mara ya mwisho Altcar. Marufuku haikumaliza ukimbizaji. Iliuhamishia usiku, kwa watu wanaovunja mageti ya mashamba na magari yao na kuchezea kamari kubwa, hata Bunge likalazimika kuongeza adhabu mwaka 2022. Watetezi wa leseni wa Ayalandi huutumia mfano huu, na wana haki ya kuutumia. Ila ukweli mwingine ni kwamba mbadala wa sungura hai ulikuwepo zamani: mbio za sungura wa umeme zilianza Manchester mwaka 1926, na mwaka uliofuata zikafika Belfast na Dublin. Aliyetaka kujua mbwa yupi ana kasi amekuwa na njia ya kujua kwa karibu karne nzima.

Ayalandi ya Kaskazini ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Ndipo ule mpaka niliouahidi unapoonekana. Sungura wa kaskazini na wa kusini ni wa jamii moja. Huvuka boma la mawe au kijito kutafuta majani bila kujua kwamba amehama dola. Upande mmoja, anayemwachia mbele ya mbwa ni mhalifu. Upande wa pili ni mshindani mwenye kibali, na mbwa wake amesajiliwa daftarini.

Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu haukutia mizizi, lakini kanuni iliyouzaa ilikuja na meli. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, alitoa amri ya kutaka uwindaji ufanywe kwa kibali. Waingereza walipoichukua Tanganyika walileta ya kwao mwaka 1921. Katika amri hizo zote, kama ilivyokuwa mwaka 1671, karatasi ilimgawa mtu na mtu: aliyekuja na bunduki na ada akawa mwindaji, na aliyekuwa na upinde na njaa akawa jangili. Kenya iliufunga uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania imeuendeleza kwa leseni na vitalu. Sina nafasi hapa ya kuupima uamuzi wa kila nchi. Ninachotaka kionekane ni nasaba ya kile kibali, kwa kuwa tumezoea kuzijadili sheria zetu za wanyamapori kana kwamba zilianza na simba na tembo, wakati baadhi ya mantiki yake ilitungwa kwa ajili ya sungura wa kabaila wa Kiingereza.

Nirudi Ayalandi kwa tukio moja la karibuni. Katikati ya mwaka 2019 ugonjwa wa virusi unaosababisha kutokwa damu, uliokuwa ukiua sungura wa kufugwa na wa porini sehemu nyingine za Ulaya, uligunduliwa kwa sungura wa Ayalandi. Mwezi Agosti waziri Josepha Madigan alisitisha leseni. Nyavu haziruhusiwi, alisema serikali, kwa kuwa kuwakusanya sungura mahali pamoja kungeweza kueneza maradhi. Uamuzi ule uliotajwa kwa miongo mingi kuwa mgumu mno, wenye kugusa mila, ajira na kura za vijijini, ulifanyika kwa tangazo moja la wizara. Vilabu vililalamika, wabunge wa vijijini wakalalamika, lakini hakuna aliyesema kwamba waziri hana mamlaka.

Mwezi Oktoba leseni ilirudishwa, ikiwa na masharti mapya ya kukaa mbali na maeneo ambako ugonjwa ulithibitishwa. Katika kueleza kwa nini ilisitishwa na kwa nini ilirejeshwa, wizara ilizungumzia virusi, umbali, na hali ya idadi ya sungura nchini. Msimu ukaanza ukiwa umechelewa kidogo, na Februari iliyofuata watu wakaenda Clonmel kama kawaida.